Mkulima wa Ng'ambo na Fedha za Janga

Swali ambalo wakulima wa Mwakirunge, Shika Adabu, Mtongwe, Chaani na Port Reitz wamekuwa wakiliuliza tangu mwaka 2020 ni moja, ijapokuwa hutamkwa kwa namna nyingi: ilikuwaje serikali ikatangaza mabilioni ya kuwakwamua wananchi na wakulima wakati wa korona, na bado wengi wanaolima mchicha, muhogo na kunde ng'ambo ya Kisiwa cha Mombasa hawakuona kitu, na mtu afanye nini ili asikose tena likizuka janga jingine? Makala haya yanaijibu nusu ya kwanza kwa ufupi na nusu ya pili kwa kirefu, kwa sababu mafungu ya mwaka 2020 yamekwisha kupita, ilhali maandalizi ya janga lijalo yamo mikononi mwa mkulima mwenyewe.

Jibu la jumla ni kwamba fedha za msaada hazimfuati mhitaji bali hulifuata jina, na jina hilo sharti liwe limekwisha kuandikwa mahali fulani, pamoja na nambari ya kitambulisho na nambari ya simu zinazooana, kabla tangazo halijatolewa. India iliweza kuwatangulizia wakulima wake rupia 2,000 mwezi Aprili 2020 kwa sababu daftari la mpango wa PM-KISAN lilikuwapo tangu 2019. Togo nayo ilianza kutuma fedha kwa simu mwezi huo huo kwa kuwa ilikuwa na orodha ya wapiga kura iliyotoka kuhuishwa. Nchi ambayo daftari lake halijakamilika hulazimika kuandikisha watu katikati ya dhiki, na hapo ndipo asiyejulikana huachwa.

## Kilichotolewa mwaka 2020

Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini Kenya alitangazwa tarehe 13 Machi 2020. Kafyu ilianza tarehe 27 Machi, ikiwazuia watu kutoka nje kuanzia saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri, na kuanzia tarehe 8 Aprili hadi mwanzoni mwa Julai hakuna aliyeruhusiwa kuingia wala kutoka Kaunti ya Mombasa bila kibali. Kwa mkulima wa ng'ambo pigo lilikuwa la pande mbili, kwani soko la Kongowea huamka kabla ya jua na kafyu iliila saa ya biashara, na hoteli za Bamburi na Shanzu zilizokuwa zikinunua mboga, mayai na maziwa zilikosa wageni.

Msaada wa serikali ulipitia milango mitatu, na kutoitofautisha ndicho chanzo cha malalamiko mengi:

- Mlango wa kaya maskini. Neno kaya hapa halimaanishi misitu mitakatifu ya Wamijikenda, bali watu wanaoishi pamoja na kupika chungu kimoja. Tarehe 25 Machi 2020 Rais Uhuru Kenyatta alitangaza shilingi bilioni 10 kwa wazee, yatima na wengine wasiojiweza. Njia kuu ilikuwa mpango wa Inua Jamii, ambao humlipa shilingi 2,000 kwa mwezi mtu mwenye umri wa miaka 70 au zaidi, kaya inayolea yatima, na mtu mwenye ulemavu mkubwa. Kulikuwa pia na malipo ya muda ya shilingi 1,000 kwa wiki yaliyotumwa kwa simu kwa kaya zilizochaguliwa na machifu na wazee wa mitaa.
- Mlango wa pembejeo. Pembejeo ni vifaa na mahitaji ya kilimo kama vile mbegu, mbolea na dawa. Katika mpango wa kuchochea uchumi wa shilingi bilioni 53.7 uliotangazwa tarehe 23 Mei 2020, shilingi bilioni 3 zilitengewa wakulima wadogo 200,000, ambao hawakukusudiwa kupewa fedha taslimu bali vocha ya kielektroniki, yaani idhini ya kununulia pembejeo kwa muuzaji aliyeidhinishwa.
- Mlango wa ajira za muda. Mpango wa Kazi Mtaani uliwalipa vijana wa mitaa ya mabanda kwa kufagia, kuzibua mitaro na kufyeka. Katika awamu ya pili malipo yalikuwa shilingi 455 kwa siku.

Hesabu ndogo inatosha kuonyesha ni kwa nini wengi walikosa bila kuibiwa na mtu. Shilingi bilioni 3 zikigawanywa kwa watu 200,000 ni wastani wa shilingi 15,000 kwa mkulima, lakini sensa ya 2019 ilihesabu takriban kaya milioni 6.4 zinazojihusisha na kilimo nchini, na hivyo kwa kila kaya 100 zilizo na shamba ni 3 tu zilizoweza kufikiwa. Katika hali hiyo, mtu ambaye jina lake lilihitaji kutafutwa hakuwa na nafasi mbele ya yule ambaye jina lake lilikuwa tayari mezani.

## Kwa nini ng'ambo hukosekana kwenye orodha

Vikwazo vinne humkabili mkulima wa Likoni, Kisauni au Changamwe, na kila kimoja kina dawa yake katika hatua zitakazoelezwa hapo mbele.

1. Kaunti yake huhesabiwa kuwa mji. Mpangaji wa bajeti anapowaza mkulima huwaza Trans Nzoia au Kwale, na mtu mwenye robo ekari ya mboga nyuma ya nyumba za kupanga huandikwa kuwa mfanyabiashara mdogo au asiye na kazi.
2. Ardhi si yake kwa hati. Mombasa ina desturi yake ya nyumba bila ardhi, ambapo mtu humiliki nyumba na kumlipa mwenye kiwanja kodi ya ardhi. Ipo pia minazi iliyo ya mtu mmoja katika shamba la mtu mwingine, hivyo mkulima hukosa karatasi ya kumwonyesha msajili.
3. Mapato yake yamechanganyika. Mume huendesha bodaboda, mke hulima na kufuga kuku wa kienyeji, na msajili anapouliza kazi ya kaya hutajwa ile ya mume pekee.
4. Laini ya simu si yake. Wazee wengi hutumia laini iliyosajiliwa kwa kitambulisho cha mtoto au mjukuu, na fedha zinapotumwa kwa jina lisilooana na kitambulisho hurudi zilikotoka.

## Ofisi ipi huandika nini

Chini ya Katiba ya 2010 kilimo kimegatuliwa, maana yake ni kwamba huduma za mashambani ni kazi ya serikali ya kaunti, ilhali sera ya kilimo na utawala wa mikoani, ambao chifu ni sehemu yake, vimebaki kwa serikali ya kitaifa. Matokeo yake ni kwamba chifu na afisa wa kilimo ni waajiriwa wa serikali mbili tofauti, na kuandikwa kwa mmoja si kuandikwa kwa mwingine.

- Chifu na naibu wake huthibitisha makao, huongoza uteuzi wa kaya maskini, na katika usajili mkuu wa wakulima uliofanywa baada ya mwaka 2022 walihusishwa kuwaandikisha wakulima katika mfumo wa taifa wa habari za kilimo, unaojulikana kwa kifupi kama KIAMIS.
- Afisa wa kilimo wa kaunti ndogo hutunza taarifa za mashamba, mifugo na vikundi, na ndiye anayeweza kusema kwa kauli ya kitaalamu kwamba mtu fulani ni mkulima.
- Idara ya Maendeleo ya Jamii husajili vikundi na kushiriki katika kuendesha Inua Jamii.
- Kituo cha Huduma kilicho katika jengo la Posta, Barabara ya Digo, hushughulikia masuala ya vitambulisho na nyaraka nyingine za serikali, hivyo anayevuka feri kwenda kisiwani kwa shughuli nyingine aibebe pia ile ya kitambulisho.

Mfumo wa KIAMIS unastahili uangalifu wa pekee, kwa sababu ndio uliotumiwa kutoa mbolea ya ruzuku, yaani mbolea ambayo sehemu ya bei yake hulipwa na serikali. Mfuko wa kilo 50 ulishushwa hadi shilingi 3,500 mwezi Septemba 2022 na kisha hadi shilingi 2,500 mwezi Agosti 2023, na aliyesajiliwa alipata ujumbe wa vocha kwenye simu yake. Mkulima wa mboga anaweza kudhani kwamba mbolea hiyo ni ya wenye mahindi wa bara na kwamba haimhusu. Hata hivyo, faida kubwa ya kusajiliwa ni kuwamo katika daftari ambalo serikali imekwisha kulizoea.

## Hatua saba za kuchukua kabla ya janga

1. Majina yasawazishwe. Mkulima aweke mezani kitambulisho, kadi ya benki kama anayo, na ujumbe wa M-Pesa unaoonyesha jina lake, kisha alinganishe herufi kwa herufi. Pwani ndiko kosa hili huzaliwa kila siku, kwani Omar huandikwa Omari, Hamisi akawa Khamis, na Mwanaisha akawa Mwanaesha. Kompyuta haijui kwamba huyo ni mtu mmoja.
2. Laini iwe ya mwenyewe. Mteja wa Safaricom akipiga *106# huonyeshwa laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake. Laini asiyoitambua aripoti mara moja, na laini anayoitumia isipoonekana, aende na kitambulisho kwenye duka la mtandao wake aisajili upya.
3. Aende kwa afisa wa kilimo. Atoe nambari ya kitambulisho, nambari ya simu, mahali shamba lilipo, ukubwa wake kwa kukadiria, mimea na idadi ya mifugo. Aulize waziwazi kama jina lake limo katika mfumo wa taifa au katika daftari la ofisi pekee.
4. Ajulikane kwa chifu kuwa mkulima. Kujulikana kuwa mkazi hakutoshi. Mtu akihudhuria baraza na kutajwa kuwa mfugaji wa kuku wa Mtongwe, jina lake hukumbukwa orodha ya wakulima inapotakiwa kwa haraka.
5. Ajiunge na kikundi kilichosajiliwa. Sheria ya usajili wa vikundi vya kijamii ya mwaka 2022 inataka wanachama wasiopungua 10. Cheti kihuishwe kwa wakati, kumbukumbu za mikutano ziandikwe, na akaunti iwe na watia saini zaidi ya mmoja.
6. Atunze daftari la shamba, kama inavyoelezwa katika sehemu inayofuata.
7. Nakala ziwe tayari. Bahasha moja isiyoingia maji iwe na nakala 3 za kitambulisho, nakala ya cheti cha kikundi, barua ya ardhi (inaelezwa hapo mbele) na vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Nyumba za Pwani huvuja wakati wa masika, na karatasi iliyolowa haina wa kuisoma.

## Daftari la shamba: ukurasa unavyoonekana

Waswahili wamekwisha kusema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, na hakuna mahali ambapo msemo huo umesadifu kama katika kudai fidia au msaada. Daftari la mwanafunzi la kurasa 96 linatosha. Kila ukurasa ugawanywe safu tano: tarehe, zao, kiasi, kilichopatikana, na tukio. Mfano wa mistari mitatu ni huu:

- 14 Machi. Mchicha, matuta 6. Mafungu 40 yaliuzwa Kongowea kwa shilingi 10 kila fungu. Jumla shilingi 400.
- 21 Machi. Mayai, trei 2. Mnunuzi wa hotelini hakuja. Yameuzwa mtaani kwa bei ya chini. Hasara shilingi 120.
- 2 Aprili. Nyanya, kreti 1. Zimeoza, gari halikupita. Picha imepigwa kwa simu.

Thamani ya mstari wa tatu ni kubwa kuliko ile ya mistari miwili ya kwanza, kwa sababu hasara isiyoandikwa siku yake haithibitiki miezi mitatu baadaye. Risiti za mbegu, dawa na chakula cha kuku zibandikwe kwa gundi kwenye ukurasa wa tarehe husika, na zile za karatasi laini ambazo wino wake hufifia zipigwe picha kwanza. Asiyejua kusoma na kuandika amtumie mtoto wa shule, lakini yeye mwenyewe ndiye asimulie na mtoto aandike, kisha kila mwisho wa mwezi asomewe upya ahakikishe.

## Barua ya ardhi na mtego wake

Kukosa hati miliki si sababu ya mtu kujiondoa mwenyewe katika usajili, kwani anayetakiwa ni anayelima na si lazima awe mwenye ardhi. Baada ya serikali kutoa hati kwa maskwota wa shamba la Waitiki huko Likoni mwezi Januari 2016, baadhi ya wakazi wa ng'ambo wana hati, wengine wana barua za ugawaji, na wengine wana ruhusa ya mdomo tu. Kwa kundi hili la mwisho inafaa iandikwe barua fupi inayotaja jina la mkulima, mahali shamba lilipo, ukubwa wake, tangu mwaka gani analilima, na mashahidi wawili, ikiwa na muhuri wa chifu ikiwezekana.

Upo mtego hapa. Sheria ya Kenya inamruhusu aliyekaa kwenye ardhi ya mtu mwingine waziwazi na bila ruhusa kwa miaka 12 kuiomba mahakama imtambue kuwa mwenye ardhi hiyo. Kwa sababu hiyo wenye mashamba wengi hukataa kutia saini karatasi yoyote, wakihofia kunyang'anywa. Anayeomba barua amweleze mwenye shamba kwamba karatasi inayosema mkulima analima kwa ruhusa humlinda mwenye shamba, kwani ruhusa ndiyo inayovunja dai la aina hiyo. Kwa upande mwingine, skwota ambaye tayari ana dai au kesi juu ya ardhi asitie saini maneno hayo kabla ya kupata ushauri wa kisheria, kwa mfano kutoka Kituo cha Sheria, ambacho kina ofisi Mombasa. Vocha ya mbolea haistahili kununuliwa kwa haki ya ardhi.

## Siku usajili unapotangazwa

- Aliyesikia tangazo aulize kwanza mambo manne: mpango ni wa mlango gani, kaunti zipi zimo, nani anasajili, na mwisho ni lini. Mpango wa kukinga njaa unaozilipa kaya za Turkana, Marsabit, Wajir na Mandera, kwa mfano, hutajwa sana redioni lakini hauhusu Mombasa.
- Aende mapema na kitambulisho halisi, wala asimtume mtu.
- Atamke kazi zote za kaya, kilimo kikiwamo, hata kama mwenzake ana kazi nyingine.
- Asome, au asomewe, kilichoandikwa kabla ya kutia saini au alama ya kidole, hasa nambari ya simu tarakimu kwa tarakimu.
- Aombe nambari ya usajili au stakabadhi, na isipokuwapo, aandike katika daftari lake tarehe, mahali, saa na cheo cha aliyemsajili.
- Mzee ambaye alama za vidole zimefutika kwa kushika jembe au kuvuta nyavu aeleze jambo hilo siku ile ile, na ataje msaidizi anayemwamini wa kumpokelea, ili asije akarudishwa siku ya malipo.

## Jina likikosekana

Malalamiko ya mdomo chini ya mwembe hayana tarehe, na ofisi haiwezi kulazimishwa kuyajibu. Shirika la Human Rights Watch, katika ripoti yake ya Julai 2021 kuhusu mitaa ya mabanda ya Nairobi, lilieleza kwamba wengi hawakujua vigezo vya uteuzi wala namna ya kukata rufaa, na kwamba baadhi ya waliopewa kazi ya kuandikisha waliwapendelea jamaa na marafiki. Funzo kwa msomaji ni kwamba asiishie kunung'unika, bali aandike barua yenye mambo matano:

1. Jina kamili, nambari ya kitambulisho, mtaa na kata.
2. Mpango unaohusika na tarehe aliyosajiliwa.
3. Ombi la kuelezwa vigezo vya uteuzi.
4. Ombi la kuelezwa sababu ya yeye kuachwa.
5. Nakala za ushahidi, si halisi.

Barua ipelekwe kwa mkono, na nakala ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 huipa ofisi ya umma siku 21 kuamua ombi la habari, na sheria ya mwaka 2015 kuhusu haki katika maamuzi ya kiutawala humpa aliyeathiriwa na uamuzi haki ya kuelezwa sababu kwa maandishi. Siku hizo zikipita kimya, barua ya pili iende kwa tume inayopokea malalamiko dhidi ya ofisi za umma, inayojulikana na wengi kwa jina la Ombudsman. Aliyedaiwa hongo apeleke habari kwa Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi, ambayo ina ofisi mjini Mombasa.

Inafaa barua iombe vigezo na isianze kwa kumtuhumu mtu. Afisa anayeulizwa kanuni huitafuta kanuni, lakini afisa anayeitwa mwizi hutafuta kujitetea, na barua hubaki chini ya rundo.

## Dalili za utapeli

Janga likitangazwa matapeli hutangulia serikali. Mkulima ashtuke akiona lolote kati ya haya:

- Anaombwa ada ya faili, fomu au nauli ya afisa. Kusajiliwa katika mipango ya msaada ni bure.
- Anaombwa nambari ya siri ya M-Pesa, au tarakimu zilizotumwa kwenye simu yake muda huo huo. Aliye na fedha za kutuma hahitaji nambari ya siri ya anayetumiwa.
- Mtu asiyejulikana mtaani anakusanya vitambulisho halisi na kuondoka navyo.
- Kiasi kinachoahidiwa ni kikubwa kupita kile kilichotangazwa hadharani.
- Ujumbe umetoka kwa nambari ya kawaida ya simu na una haraka: mwisho leo, mwisho saa sita.

Aliyekwisha kutoa nambari yake ya siri aibadilishe papo hapo, apigie simu mtandao wake wazuie akaunti, kisha aripoti kituo cha polisi na kuchukua nambari ya kumbukumbu.

## Makosa yanayorudiwa

- Kuchanganya mkopo na msaada. Hazina ya Hustler iliyozinduliwa tarehe 30 Novemba 2022 hutoa mikopo yenye riba ya asilimia 8 kwa mwaka, na mkopo hurudishwa. Anayekopa akidhani ni sadaka ya serikali hujiharibia nafasi ya kukopa baadaye.
- Kusajili kaya moja mara mbili. Mume na mke wakijiandikisha kama kaya mbili katika mpango unaolipa kwa kaya, mfumo unaweza kuyaondoa majina yote mawili.
- Kutia chumvi. Anayesema ana ekari 5 Mwakirunge ilhali ana robo ekari hugunduliwa siku ya ukaguzi, na hapo hata robo yake huwa haiaminiki tena.
- Kubadili laini bila kutoa taarifa. Vocha hutumwa kwa nambari ya zamani na muda wake huisha bila mwenyewe kujua.
- Kumwachia mwanasiasa kazi ya kusajili. Orodha ya mgombea ni ya mgombea. Aliyeandikwa humo hajaandikwa serikalini.
- Kuuza vocha. Anayeuza vocha ya mfuko wa mbolea kwa shilingi mia chache huonekana katika kumbukumbu kuwa amehudumiwa, na msimu ujao hana pa kuanzia madai yake.

## Mashaka ya wasomaji

Je, fedha za mwaka 2020 bado zinaweza kudaiwa? Mpango wa kuchochea uchumi ulifungamana na bajeti ya 2020/21, na hakuna mahali pa kujiandikisha leo kwa fungu lililokwisha. Anayeweza kuuliza ni yule tu aliyekwisha kuidhinishwa, mwenye ujumbe au nambari ya usajili, na malipo yakakwama njiani. Huyo aombe habari kwa maandishi kwa utaratibu uliotajwa hapo juu.

Je, anayepokea Inua Jamii amejifungia mlango wa pembejeo? Mmoja ni mpango wa ustawi wa jamii na mwingine ni wa kilimo, na kila mmoja una vigezo vyake. Jambo la busara ni kutoficha, kwa sababu nambari ya kitambulisho ni moja katika mifumo yote.

Je, mwenye vitanda vinne vya mboga na kuku 12 ni mkulima? Ndiyo, akizalisha kwa kula au kuuza, na haya ya kujitaja kuwa mkulima mjini ndiyo iliyowakosesha wengi nafasi ya kuhesabiwa. Afisa ndiye mwenye kuamua kama kiasi hicho kinatosha kwa mpango fulani. Mkulima asijihukumu kabla ya afisa.

Je, kuna haja ya kuhangaika ilhali wanaofaidika hujuana? Upendeleo upo, na ripoti zimeuthibitisha. Hata hivyo, upendeleo hustawi pale ambapo hakuna karatasi, kwa kuwa ni rahisi kumruka mtu asiye na stakabadhi kuliko kumruka mwenye barua iliyogongwa muhuri na kikundi cha watu 10 nyuma yake.

## Kalenda ya mwaka mmoja

Kazi zote zilizotajwa hazihitaji zaidi ya siku chache kwa mwaka, na zinaweza kufungamanishwa na misimu ambayo mkulima wa Pwani anaifuata tayari.

- Machi, kabla ya masika. Kupiga *106#, kulinganisha majina, na kwenda kwa afisa wa kilimo kuhuisha taarifa za shamba. Ndio mwezi ambao mbegu hununuliwa, na risiti ya kwanza hubandikwa daftarini.
- Julai, baada ya mavuno. Kujumlisha daftari la nusu mwaka na kupiga picha za shamba zenye tarehe. Kikundi kikutane na kukagua kama cheti kinakaribia kuisha muda.
- Septemba, kabla ya vuli. Kuuliza kwa chifu na kwa afisa wa kilimo kama kuna usajili mpya wa ruzuku, na kusahihisha nambari ya simu iliyobadilika.
- Desemba. Kutoa nakala mpya za nyaraka na kuandika jina la mtu mmoja wa nyumbani anayejua bahasha ilipowekwa, kwa sababu mwenye bahasha akilazwa hospitalini wakati wa janga, mwingine ndiye atakayepanga foleni kwa niaba yake.